Aliyevuka na Aliyerudi

Mvua kubwa ikiisha kunyesha katika nyika za Singida, hewa hutakata, vumbi hulala, majani hung'aa, na jua hutoka kama kwamba halikupata kufichwa na wingu. Moyo wa binadamu hupenda kusoma dalili hizo kuwa ni ruhusa. Mtu aliyekuwa amejikunyata chini ya paa huinuka, hutazama mbingu, hufunga mzigo wake na kushika njia. Hudhani kuwa hatari ilikuwa katika ngurumo, na kwa kuwa ngurumo imenyamaza, hatari nayo imekwenda zake. Walakini katika nchi nyingi za dunia, za joto na za baridi, saa ya hatari kuu huwa ni saa ile ifuatayo dhoruba. Katika saa hiyo msafiri husimama ukingoni mwa korongo, huyatazama maji, na hutakiwa kuamua. Akivuka akafika, watu humwita shujaa. Akirudi alikotoka, watu humwita mwoga. Hukumu hizo mbili hutolewa upesi na kwa moyo mwepesi, lakini chini yake limelala swali zito: je, kufika salama ni ithibati ya kuwa mtu aliamua vema?

Singida ni nchi ya uwanda wa juu katikati ya Tanzania. Ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili au mwanzo wa Mei, na kipimo cha mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 800. Mito yake mingi ni mito ya mchanga. Kwa miezi mingi haina maji juu. Watu huchimba visima ndani yake, na ng'ombe hupita humo kama wapitao barabarani. Ardhi iliyookwa na jua tangu Mei huwa ngumu kama sakafu, na majabali makubwa yaliyotapakaa kuzunguka mji wa Singida hayanywi maji hata tone moja. Mvua nzito ikianguka juu ya nchi ya namna hii haipati nafasi ya kuzama. Hutiririka, hukusanyika, na hushuka kwa kishindo. Kwa hiyo mtu aweza kusimama juani, katika mto mkavu, hali mvua imekwisha kunyesha mbali juu yake na maji yamo njiani yanakuja. Upande wa magharibi uko uwanda wa Wembere, ambao wakati wa kiangazi ni malisho na mapito, na wakati wa masika ni kinamasi. Maji yake huingia Ziwa Kitangiri, na kutoka huko Mto Sibiti huyapeleka mpaka Ziwa Eyasi. Kabla ya kujengwa kwa Daraja la Sibiti, baina ya Mkalama na Meatu, mto huo wakati wa mvua uliwatenga watu ambao wakati wa kiangazi walikuwa majirani.

Maji ya mafuriko yana hila. Kina cha sentimita 15 tu, yakiwa na kasi, chaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zaweza kuliinua gari dogo likapoteza mshiko wake juu ya ardhi, na sentimita 60 zaweza kuyasomba magari mengi, hata yale yatengenezwayo kwa njia mbaya. Zaidi ya hayo, maji ya matope hayaonyeshi kilicho chini yake. Kivuko cha zege kilicholazwa juu ya mchanga wa mto, ambacho watu wa barabara hukiita drifti, chaweza kuwa kilichimbwa na kuvunjwa usiku, na uso wa maji ukabaki umetulia juu ya shimo kama shuka juu ya kitanda kilichovunjika. Msafiri aijuaye njia hiyo tangu utoto wake huijua ilivyokuwa jana. Jinsi ilivyo leo ajuaye ni mto peke yake.

Waliolichunguza jambo hili kwa bidii kubwa kuliko wengine ni watu wa nchi za theluji. Kwa msomaji wa Singida theluji ni kitu cha mbali, kionekanacho juu ya Kilimanjaro au katika picha. Lakini elimu iliyopatikana huko yafaa kwa mtu yeyote asimamaye mbele ya njia isiyoaminika. Katika milima ya Uswisi, Austria, Ufaransa, Marekani na Kanada, wako watu wasafirio kwa miguu au kwa mbao za kutelezea, mbali na barabara. Theluji huanguka tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja laweza kuwa dhaifu, na juu yake likalazwa tabaka zito la dhoruba mpya, lililorundikwa na upepo. Mteremko ukiwa na mwinamo wa nyuzi kama 30 hadi 45, tabaka la juu husubiri sababu ndogo tu ili likatike na kuporomoka pamoja na kila kilicho juu yake. Sababu hiyo aghalabu ni msafiri mwenyewe. Takriban watu tisa katika kila kumi wanaokamatwa na maporomoko hayo, maporomoko yalianzishwa na wao wenyewe au na wenzao. Afukiwaye akitolewa katika muda wa robo saa ana tumaini kubwa la kuishi. Nusu saa ikipita, wengi huwa wamekwisha kufa. Na siku ya msiba kwa kawaida huwa siku nzuri. Dhoruba imepita, mbingu ni buluu, theluji ni safi, na macho huuambia moyo habari njema zisizo za kweli.

Nchi za Ulaya, tangu mwaka 1993, zimekuwa na kipimo kimoja cha hatari ya theluji chenye madaraja matano. Mtu angetazamia kuwa vifo vingi hutokea katika daraja la tano, lililo la kutisha kuliko yote. Sivyo. Sehemu kubwa ya vifo hutokea katika daraja la tatu, lililo la katikati. Siku ya daraja la tano kila mtu hukaa nyumbani kwake. Siku ya daraja la tatu kuna nafasi ya kubishana. Makorongo nayo hufundisha vivyo hivyo. Mafuriko yanayonguruma na kubeba miti mizima hayamdanganyi mtu, kwa sababu hakuna athubutuye kuyaingia. Yaliyo ya kuogopwa zaidi ni maji ya wastani, ambayo gari moja limekwisha kuyavuka, la pili likavuka kwa taabu, na la tatu liko ukingoni linangurumisha injini yake.

Mwaka 2004 mtafiti mmoja wa Marekani, Ian McCammon, alieleza alichokiona alipozichunguza ajali 715 za maporomoko ya theluji katika nchi hiyo. Kutojua peke yake hakukutosha kuzieleza ajali hizo. Wengi walikuwa na dalili za hatari mbele ya macho yao, na wengine walikuwa wamefundishwa. Waliofundishwa vema, wakiwa mahali walipopazoea, walijitia katika hatari karibu sawa na watu wasiofundishwa kitu. Mazoea yaliwaambia kuwa mahali pale ni pao. Nyayo za waliotangulia ziliwaambia kuwa njia ni njema. Haya ya kuonekana waoga mbele ya wenzao iliwafunga midomo. Na nia waliyoondoka nayo asubuhi, ya kufika mahali fulani kwa saa fulani, iliwasukuma mbele kama mtu asukumwavyo na umati. Haihitaji msomaji kuvaa makoti ya baridi ili awatambue wasukumaji hao wanne. Wamo katika kila basi linalochelewa, katika kila lori lililobeba vitunguu vinavyoanza kuoza, na katika kila kundi la vijana waliosimama kwenye ukingo wa korongo wakingoja mmoja wao aseme neno la kwanza.

Sasa ukweli ulio mgumu zaidi ni huu: hatari haimwadhibu kila mtu aidharauye. Lau ingemwadhibu, dunia ingejaa watu wenye hadhari, kama ilivyojaa watu wasiotia mikono motoni. Moto ni mwalimu mwema, kwa kuwa humjibu mwanafunzi wake palepale. Mto na mlima ni walimu wabaya. Humwacha mwanafunzi akosee mara nyingi, na kila mara humpa zawadi. Na isemwe, kwa mfano tu, kuwa katika kila mara 100 za kuvuka maji ya namna fulani, mara moja huua. Mtu akivuka mara 10, tumaini la kutoka mzima mara zote ni kama 90 katika 100. Ataanza kujiita mjuzi, na jirani zake watakubali. Akivuka mara 20 kila masika kwa miaka 10, atakuwa amevuka mara 200, na tumaini lake la kutoka mzima mara zote litakuwa limeshuka mpaka kama 13 katika 100. Maji hayakubadilika hata kidogo katika muda wote huo. Kilichoongezeka ni imani yake, na imani hiyo ilijengwa juu ya jambo lisilowahi kumpa ushahidi wowote. Kila alipofika ng'ambo alidhani amejifunza kuvuka; kumbe alijifunza kutoogopa tu.

Mwanahisabati Mwingereza, W. K. Clifford, aliliona jambo hili mwaka 1877 katika makala yake juu ya maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli aliyekuwa karibu kuipeleka baharini meli iliyojaa wahamiaji. Alijua kuwa meli ni kuukuu, kuwa haikuundwa vizuri tangu mwanzo, na kuwa ilihitaji matengenezo mara kwa mara. Shaka ikamsumbua. Badala ya kuipeleka kwa mafundi akaituliza shaka yake kwa maneno mazuri: meli imekwisha kwenda safari nyingi na kurudi, na Mungu hawezi kuziacha jamaa hizi zote zipotee. Akaiaga kwa moyo mweupe, meli ikazama, naye akapokea fedha ya bima. Kila mtu husema kuwa mwenye meli ana hatia. Lakini Clifford aliongeza neno ambalo wasomaji wengi hawakulitazamia. Hata kama meli ile ingefika salama, safari ile na nyingine nyingi baada yake, hatia ya mwenyewe isingepungua hata chembe. Hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Bahari ingeweza kumsitiri, kumtakasa isingeweza.

Neno hilo lina uzito mkubwa zaidi pale ambapo aamuaye amebeba wengine. Mtelezaji wa theluji huchagua mteremko wake, na wenzake waweza kukataa kumfuata. Abiria hana usukani. Tarehe 4 Desemba 2021, katika Kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililochukua wanakwaya na watu wengine waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu, ambao ulikuwa umefurika juu ya daraja. Maji yalilipindua na kulizamisha, watu wakitazama kutoka ukingoni. Zaidi ya watu 30 walikufa. Aprili 2024, jijini Arusha, gari lililochukua watoto wa shule lilisombwa na maji ya korongo baada ya mvua kubwa, na watoto kadhaa wakapoteza maisha. Si kazi ya insha kuketi katika kiti cha hakimu juu ya watu wa misiba hiyo. Kazi yake ni kuona umbo la jambo lenyewe. Ndani ya gari wamo watu ambao hawakuulizwa. Mmoja hujua kuogelea na mwingine hajui; mmoja angependa kushuka na haya humzuia; mtoto hajui hata kuwa kuna jambo la kuamua. Mtu mmoja hushika maisha ya wote mkononi mwake, naye hutazama saa.

Hapo ndipo ushujaa na ujasiri wa upumbavu huachana njia. Aristotle alifundisha kuwa ushujaa umesimama katikati ya woga na ujahili wa kutoogopa kinachostahili kuogopwa. Mtu aingiaye majini kumwokoa aliyechukuliwa na mkondo huihatarisha nafsi yake kwa ajili ya mwingine. Dereva aingiaye majini ili asicheleweshe safari huwahatarisha wengine kwa ajili ya saa moja. Tendo kwa nje ni moja, maji ni yale yale. Lakini la kwanza ni sadaka na la pili ni deni lililokopwa kwa jina la watu wengine bila ya idhini yao. Hata yule avukaye peke yake hayuko peke yake kabisa. Nyuma yake wako watakaoingia majini kumtafuta, na mbele yake wako watakaomngoja mlangoni mpaka usiku wa manane.

Juu ya haya yote kuna upinzani mmoja ulio wa haki, nao haufai kupitwa kimyakimya. Hadhari ina bei, na bei hiyo haiwapati watu wote kwa kipimo kimoja. Mwenye nafasi akirudi kutoka ukingoni hupoteza siku moja. Mama aliyembeba mtoto mwenye homa kali, ambaye zahanati iko ng'ambo, akirudi aweza kupoteza mtoto. Mfanyabiashara mdogo aliyekopa ili anunue vitunguu huona mtaji wake ukioza mbele yake. Kumwambia mama yule asubiri maji yapungue ni rahisi kwa mtu aliyeketi juu ya kiti kikavu. Kwa hiyo haiwezekani kusema kuwa kila avukaye maji ya hatari amekosa. Mama yule hapimi maji peke yake. Anapima maji na homa, na pengine homa ndiyo yenye kina kikubwa zaidi. Lakini upinzani huo, ukitazamwa vizuri, hauivunji hoja, waitimiza. Uamuzi wa mama hupimwa kwa kile alichokijua, kwa lazima iliyomsukuma, na kwa hadhari aliyoitumia hata ndani ya lazima hiyo: kama alitafuta mahali maji yalipotanda na kupungua kina, kama alichomeka kijiti ukingoni aone maji yanapanda au yanashuka, kama aliomba mkono wa mtu mwenye nguvu. Amevuka akafika au amevuka akaangamia, kipimo ni hicho hicho. Wala lazima ya mama haiwezi kuazimwa na dereva anayekimbilia kituo. Watu wengi wavukao kwa haraka hujifunika nguo ya watu wachache wavukao kwa dhiki.

Upinzani wa pili hutoka kwa wanafalsafa. Mwaka 1976 Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani walionyesha kuwa watu, watake wasitake, huhukumu kwa matokeo. Madereva wawili wamezembea sawasawa. Mmoja hukutana na barabara tupu, mwingine hukutana na mtoto akikatiza. Wa kwanza huenda kulala. Wa pili hupelekwa mahakamani, na hata yeye mwenyewe hajisamehe mpaka kufa kwake. Kama kosa lao ni moja, mbona ulimwengu hauwapi hukumu moja? Huenda jibu likapatikana kwa kutenganisha mambo mawili yaliyozoea kutajwa pamoja, nayo ni kosa na deni. Aliyeua ana deni asilolijua yule wa kwanza: deni la kilio, la fidia, la kuinamisha kichwa mbele ya wazazi. Deni hilo laletwa na tukio, na haki yataka lilipwe. Lakini kosa lilikwisha kutendeka kabla ya mtoto kutokea barabarani. Lilitendeka pale dereva alipojua na akapuuza. Madeni ni mawili, kosa ni moja. Na yule aliyelala usingizi usiku ule alilala kwa sababu ya bahati, naye asidhani kuwa alilala kwa sababu ya usafi.

Upande wa pili wa hoja nao lazima utazamwe, ili isije ikawa chombo cha kuwalaumu wafu. Kaskazini mashariki ya Singida umesimama Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, na barabara itokayo Singida kwenda Babati hupita chini yake katika mji wa Katesh. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima iliachia. Matope, mawe na magogo yalishuka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walikufa. Watu hao hawakusimama ukingoni wakachagua. Walikuwa katika makazi yao, chini ya mlima ambao vizazi na vizazi viliupokea kama mwenyeji mwema. Yeyote angewaambia walionusurika kuwa ndugu zao walikosa busara angekuwa ametenda dhuluma juu ya msiba. Basi, kama kufika salama si ithibati ya busara, kuangamia nako si ithibati ya upumbavu. Hukumu ya kweli hutazama kile mtu alichojua, au alichoweza kukijua, na jinsi alivyokitumia. Matokeo humfikia mwenye busara na mpumbavu pia.

Lugha yenyewe ya Kiswahili imebeba ugomvi huu ndani yake. Watu husema ajali haina kinga, na husema pia tahadhari kabla ya hatari. Neno la kwanza ni la faraja na la pili ni la onyo; kila moja lina mahali pake. Neno la faraja lilinena kweli kwa watu wa Katesh waliozika wapendwa wao. Likisemwa na mtu aliyeona maji yamefunika kivuko, akaonywa na wenyeji, na akaingia, hugeuka kuwa pazia la kufichia aibu. Msiba wa kubahatika na msiba wa kutafutwa hulizwa kwa machozi yale yale, lakini haviwezi kufundishwa kwa somo moja. Iko pia methali isemayo kuwa kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Wahenga walioisema waliwaona watu wengi wakitoka na wachache wakirudi. Hawakumsifu mwoga wala hawakumdharau shujaa; walihesabu nyumba zilizo na matanga na nyumba zilizo na chakula cha jioni.

Jamii nayo ina sehemu yake katika uamuzi wa mtu mmoja. Pasipo daraja, msafiri huchagua baina ya mabaya mawili, na aliyeweza kujenga daraja asilijenge amemchagulia nusu ya uamuzi wake. Pasipo kigingi chenye alama za kina penye drifti, mgeni hana namna ya kupima. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za mvua kubwa, lakini tahadhari isiyomfikia mtu wa korongoni, au imfikiayo katika lugha ya vipimo asivyovijua, ni barua iliyoandikwa na isiyotumwa. Na liko jambo moja lisilohitaji fedha kabisa: namna watu wanavyosimulia. Jioni, kijijini au kituoni, aliyevuka maji ya kifuani huwa na kisa. Hueleza jinsi gari lilivyoyumba, jinsi abiria walivyopiga kelele, jinsi yeye alivyokaza mkono. Wasikilizaji hucheka na kumpigia makofi, na kijana aliyeketi pembeni hujifunza. Kila kisa cha namna hiyo ni nyayo mpya juu ya theluji, inayomwita wa nyuma afuate.

Aliyerudi hana kisa. Alifika ukingoni, akatazama, akageuza gari, akalala njiani, akafika kesho yake saa nne. Hakuna aliyepiga kelele. Na msiba wake, kama waweza kuitwa msiba, ni kwamba hatajua kamwe kama alifanya vema. Aliyevuka akafika ana ng'ambo ya kumshuhudia, ijapokuwa ni shahidi wa uongo. Aliyerudi hana shahidi hata mmoja. Pengine maji yangempitisha, pengine yasingempitisha, na mto hautasema. Abiria wake hushuka wakinung'unika kwa kucheleweshwa, kila mmoja akiwa mzima, na hakuna hata mmoja ajuaye kama ana sababu ya kumshukuru. Fadhila nyingi hulipwa hapa duniani kwa shukrani au kwa sifa. Hadhari hulipwa kwa jambo lisilotokea, na jambo lisilotokea halionekani kwa macho.

Basi atakaye kuwa na fadhila hiyo lazima akubali kuishi bila ya ushahidi. Lazima ajihukumu ukingoni, kabla ya maji kutoa hukumu yao, kwa maswali anayoweza kuyajibu: ninajua nini juu ya njia hii leo, na si jana, ni nani niliowachukua, nao wameulizwa, ni lazima gani inisukumayo, na je, ni lazima au ni haraka tu? Akiyajibu kwa kweli, uamuzi wake ni mwema hata ukimgharimu siku nzima, na hata wenzake wakimcheka mpaka masika yaishe. Asipoyajibu, uamuzi wake ni mbaya hata akifika ng'ambo kabla ya wote, nguo zake zikiwa kavu na watu wakimsubiri kwa shangwe.